Nne za Mwisho

Ilikuwa Februari, mjini Uppsala, nami nilikuwa na homa ya siku ya tatu. Mbele yangu kwenye foleni ya duka la dawa alisimama mzee mmoja aliyevaa kofia ya sufu. Mhudumu alipomwuliza, alitaja tarakimu kumi kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia: sita za tarehe yake ya kuzaliwa, akavuta pumzi, kisha nne za mwisho. Dawa zake zikaletwa. Zamu yangu ilipofika nikatoa pasipoti. Yule dada aliifungua, akaisoma kwa heshima, akanirudishia. Akauliza tena, taratibu, kama mtu anayedhani hakusikika: "Na nne za mwisho?"

Sikuwa nazo. Nilikuwa na kibali halali cha kuishi Uswidi, barua ya chuo, mkataba wa chumba, na ada iliyolipwa hadi senti ya mwisho. Lakini kwenye kompyuta iliyokuwa mbele yake sikuwepo. Ilibidi nirudi kituo cha afya, barafu ikiteleza chini ya viatu vyangu vya Tanga, ili daktari aniandikie dawa kwenye karatasi.

Sura hii ni ya yule atakayesimama pale niliposimama. Kila anayehamia nchi ya kigeni hujiandaa kwa viza. Wachache sana hujiandaa kwa namba, na hiyo namba ndiyo itakayoamua kama miezi yako ya kwanza ni ya kuishi au ya kuzunguka na bahasha kwapani. Nitaieleza ya Uswidi kwa sababu ndiyo niliyoishi nayo kwa miaka kadhaa, na kwa sababu hakuna nchi nyingi ambako namba moja imeingia ndani ya maisha ya watu kiasi kile.

Waswidi huiita personnummer, yaani namba ya mtu. Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba haitolewi na uhamiaji. Idara ya Uhamiaji, Migrationsverket, inakupa ruhusa ya kukaa, na kazi yake inaishia hapo. Namba inatolewa na Skatteverket, mamlaka ya kodi, ambayo ndiyo inayotunza daftari la wakazi wote wa nchi. Kuna na cha tatu, kitambulisho chenyewe, ile kadi ya kutia mfukoni, ambacho kina maombi yake na ada yake. Kibali, namba, kadi: madirisha matatu, na huwezi kuruka moja. Nimewaona Watanzania na Wakenya wenzangu wakishinda wiki nzima wakidai kadi kabla namba haijatoka, wakidhani wanazungushwa, kumbe walikuwa wameshika mkia badala ya kichwa.

Mgeni wa kwetu hushangaa: kwa nini kodi? Jibu liko kanisani. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1686 iliwataka wachungaji wa Uswidi waandike waumini wao: nani kazaliwa, nani kaoa, nani kahama, nani kafa, hata nani anajua kusoma katekisimu. Kwa karne tatu mchungaji ndiye aliyejua nani anaishi wapi. Daftari hilo lilibaki mikononi mwa parokia hadi tarehe 1 Julai 1991, ndipo likahamia rasmi mamlaka ya kodi. Wazee wetu wengi waliothibitisha umri wao kwa cheti cha ubatizo, kwa kuwa cha serikali hakikuwepo, wangeielewa historia hiyo bila kufundishwa. Namba yenyewe ilianza mwaka 1947, ikiwa na tarakimu tisa, na Uswidi ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo duniani kumpa kila mkazi wake namba. Ya kumi iliongezwa mwaka 1967, kompyuta zilipoanza kuchukua kazi ya makarani.

Hiyo ya kumi inafaa kutazamwa kwa karibu, maana ukiielewa, namba nzima inaacha kuwa fumbo. Chukua mfano unaotumika sana kufundishia: 811218-9876. Sita za kwanza ni tarehe: mwaka 81, mwezi wa 12, siku ya 18. Tatu zinazofuata, 987, zinamtenga mtu huyu na wenzake waliozaliwa siku hiyohiyo. Ya tisa ikiwa witiri, yaani haigawanyiki kwa mbili, mwenye namba ni mwanamume. Ikiwa shufwa, ni mwanamke. Ya mwisho haikupangwa na mtu. Inatokana na hesabu. Zidisha tarakimu tisa za mwanzo kwa 2, kwa 1, kwa 2, kwa 1, hivyo hivyo hadi mwisho: unapata 16, 1, 2, 2, 2, 8, 18, 8, 14. Palipo na tarakimu mbili, zijumlishe zenyewe kwa zenyewe, 16 iwe 7, 18 iwe 9, 14 iwe 5. Jumla yote ni 44. Kufikia 50 zinahitajika 6, na 6 ndiyo tarakimu ya kumi. Karani akikosea namba moja tu, hesabu inagoma na mashine inakataa. Ni njia ileile inayolinda namba za kadi za benki, aliyoibuni Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM miaka ya 1950.

Hata kile kistari cha katikati kina maana. Mwaka mtu anaotimiza miaka 100, kistari kinageuka alama ya kujumlisha, ili asichanganywe na mtoto aliyezaliwa karne moja baadaye. Niliwahi kuiona alama hiyo kwenye fomu ya bibi wa jirani yangu, na mjukuu wake alinionyesha kwa fahari, kama anayeonyesha nishani.

Zamani tarakimu hizo zilisema zaidi ya inavyopasa. Hadi mwaka 1990 ya saba na ya nane zilionyesha mkoa aliozaliwa mtu, na waliozaliwa nje ya nchi walikuwa na fungu lao mwishoni mwa orodha. Mwajiri aliyejua kusoma namba angeweza kumtambua mhamiaji kabla hajamwona uso. Utaratibu huo uliachwa, nami nashukuru uliachwa kabla sijafika.

Sasa, nani anaipata? Kanuni ni fupi: yule anayetarajiwa kuishi Uswidi mwaka mmoja au zaidi, mwenye haki ya kufanya hivyo. Mwanafunzi wa muhula mmoja haipati. Na hapa pana shimo ambalo limewameza wengi kutoka kwetu, kwa hiyo naomba ulisome polepole. Kibali cha kuishi hakiwezi kuvuka siku ya mwisho ya pasipoti yako. Ukiomba kibali cha masomo ya miaka miwili huku pasipoti imebakiza miezi kumi, utapewa kibali cha miezi kumi. Unafika Uswidi na furaha yako, unakwenda Skatteverket, wanatazama kibali, wanaona hakifiki mwaka, na namba haitoki. Dada mmoja wa Moshi tuliyekaa naye bweni moja lilimpata hilo. Alikuwa na nafasi ya miaka miwili, barua zote zikisema miaka miwili, lakini kitabu kile kidogo kilikuwa kinaisha Juni. Aliishi karibu mwaka mzima akimwomba rafiki ampokelee fedha na ampangie miadi. Ukisoma sura hii ukiwa bado nyumbani, inuka sasa hivi utazame tarehe ya mwisho ya pasipoti yako. Kama haikuvushi safari yote, itengeneze upya kabla ya kuomba kibali.

Shimo la pili ni anwani. Unakwenda mwenyewe dirishani na pasipoti na kadi ya kibali, unasema unaishi wapi, kisha unangoja barua. Barua inakuja kwa posta, kwenye mlango ulioutaja, na Uswidi posta husoma majina ya mlangoni. Kama jina lako halipo kwenye kile kibao kidogo juu ya tundu la barua, bahasha inarudi ilikotoka. Wapangaji wa kupangishiwa na mpangaji, ambao ndio sisi wengi, huambiwa mara nyingine na mwenye chumba wasiandike jina, kwa kuwa naye hana ruhusa ya kupangisha. Usikubali. Chumba cha bei nafuu kisichokuruhusu kuandika jina kitakugharimu zaidi ya chumba cha bei ghali. Na usinunue anwani kwa mtu. Wapo wanaoziuza, na wapo ndugu zetu wanaozinunua kwa kukata tamaa. Lakini tangu mwaka 2018 kutoa taarifa za uongo kwenye daftari la wakazi ni kosa la jinai tena nchini humo, na anayeumia kwanza ni mgeni.

Kwa asiyetimiza mwaka lakini ana kazi au kodi ya kulipa, kuna namba nyingine, ya uratibu, iliyoanza mwaka 2000. Inafanana na ile ya kwanza kama pacha, ila siku ya kuzaliwa imeongezwa 60. Aliyezaliwa tarehe 18 anaandikwa 78. Ukiona siku ya 78 kwenye karatasi zako, usidhani karani kakosea, na usidhani pia umeshakuwa mkazi. Namba hiyo inamsaidia mwajiri kukukata kodi na ofisi za serikali kukutambua, lakini milango mingi ya maisha ya kila siku bado itabaki nusu wazi. Baada ya miaka mitano inalala isipohuishwa.

Namba yangu ilitoka mwezi wa Aprili. Karatasi moja nyeupe, bila muhuri wa kuvutia, bila picha. Nilitegemea zaidi. Kisha nikaanza kuona milango ikifunguka. Masomo ya Kiswidi ya bure kwa wahamiaji, maktaba, simu ya mkataba, gharama za hospitali sawa na za mwenyeji. Kadi ya kitambulisho, ambayo mamlaka ya kodi imekuwa ikiwapa wakazi wasio raia tangu mwaka 2009. Na kwa kadi hiyo, benki. Na kwa benki, BankID.

BankID ni kitambulisho cha kielektroniki kilichoanza mwaka 2003 na kinachoendeshwa na mabenki, na leo Mswidi hufungua nacho, kwa simu yake, karibu kila kitu: kodi, matokeo ya maabara, mkataba wa nyumba, shule ya mtoto. Hata Swish, njia yao ya kutumiana pesa kwa simu iliyoanza 2012, imejengwa juu yake. Bila namba hakuna BankID, na bila BankID unabaki mtu wa kupanga foleni katika nchi iliyokwisha kuondoa madirisha. Sisi tuliotoka kwenye M-Pesa tuna bahati moja: tunaelewa upesi. Namba yako ya simu unampa yeyote akutumie fedha. Namba ya siri humpi hata mama mzazi. Personnummer ni kama hiyo namba ya simu. Inasema wewe ni nani. BankID na neno lake la siri ndivyo vinavyothibitisha kuwa ni wewe kweli.

Ndiyo maana yule mzee wa duka la dawa hakuona haya kuitaja hadharani. Uswidi ina sheria ya uwazi ya tangu mwaka 1766, na kwa sheria hiyo nyaraka nyingi za serikali ni za kusomwa na yeyote. Tarehe ya kuzaliwa, anwani, mapato uliyotozwa kodi, na namba yenyewe, mtu anaweza kupiga simu akauliza, akaambiwa. Ilinichukua muda kulizoea jambo hili. Kwetu, mtu akijua mshahara wako na mlango wako, unaanza kujiuliza anataka nini. Lakini nilikuja kuona usalama ulio ndani yake. Marekani, ambako namba ya hifadhi ya jamii ilianza kutolewa mwaka 1936, watu wanaificha kwa sababu imefanywa jina na ufunguo kwa pamoja. Akiijua mwizi, anakopa kwa jina lako. Ukishakubali kwamba namba si siri, unalazimika kutafuta kufuli nyingine. Kufuli hiyo ndiyo wezi wa Uswidi wanaoishambulia sasa: wanapiga simu, wanajitambulisha kuwa ni benki au polisi, wanakutajia namba yako yote ili uwaamini, kisha wanakuomba ufungue BankID "kuthibitisha". Mgeni hudhani anayeijua namba yake lazima awe mtu wa serikali. Si lazima. Kata simu.

Nimebakiza jambo linaloniuma kuliko yote, nalo ni tarehe.

Uswidi imepokea wakimbizi wengi, wakiwamo Wakongo wa Kivu wanaozungumza Kiswahili, waliopitia makambini Afrika Mashariki. Nilikuwa nikiwasaidia kusoma barua zao siku za Jumamosi. Mama mmoja wa Kivu Kusini alinipa kadi yake nimwangalizie. Tarehe ilisomeka 3 Januari 1966. Nikamwuliza kama kweli ndiyo siku aliyozaliwa.

"Mwanangu," akasema, "mama yangu aliniambia nilizaliwa mvua zikianza, mwaka uliofuata baada ya Mobutu kushika nchi. Wewe uliyesoma, Januari mvua ndiyo zinaanza?"

Kivu Kusini mvua huanza Septemba. Karani wa kambi, asiyekuwa na mwezi wala siku, alikuwa ameandika 1 Januari, kama walivyoandikiwa maelfu ya watu kutoka Somalia, Afghanistan na kwingineko. Sasa rudi kwenye hesabu yetu. Tarakimu tatu za katikati hazitoshi watu zaidi ya 999 kwa siku moja, nusu wanaume na nusu wanawake. Kwa tarehe 1 Januari ya miaka fulani, na 1 Julai pia, namba zikaisha. Mamlaka ikawa inampa mtu siku ya jirani. Ndipo mama yule aliyezaliwa na mvua za Septemba akaandikwa Januari kambini, kisha akasogezwa hadi tarehe 3 alipofika Ulaya, bila mtu kumweleza kwa lugha anayoijua.

Siku mbili si kitu. Lakini mwaka si siku. Nilikutana na mwanamume ambaye kadi ya kambi ilimpunguzia miaka sita kwa kosa la kalamu. Alikuwa akifagia ngazi za majengo, magoti yamechoka, na kwa hesabu ya namba yake pensheni ilikuwa bado mbali. Tarehe inaweza kusahihishwa, lakini namba imejengwa juu ya tarehe, na ofisi haibomoi msingi bila ushahidi mzito, ambao mtu aliyekimbia vita hana. Cheti cha kliniki, cheti cha ubatizo, daftari la shule ya msingi, chochote chenye mwaka: kikusanye, na ulete hoja mapema, kwenye mahojiano ya kwanza kabisa, kabla tarehe haijageuka namba. Kama wewe ndiye mkalimani wa ndugu yako, usiruke swali la umri kwa kudhani ni la kupitisha muda. Mwulize alizaliwa msimu gani, nani alizaliwa karibu naye, nchi ilikuwa na nani. Andika.

Kila nchi ina tabia yake katika hili. Namba ya kitambulisho cha Falme za Kiarabu inaanza na 784, msimbo wa kimataifa wa nchi ile, kisha mwaka wa kuzaliwa. Ya NIDA, mamlaka ya vitambulisho nyumbani Tanzania, ina tarakimu 20 na inaanza na tarehe kamili. Popote uendapo, kabla ya kusaini, uliza tarakimu hizo zimetokana na nini, na soma zilizotokana na wewe.

Binti yangu alizaliwa kule, hospitalini Uppsala. Hospitali ilipeleka taarifa yenyewe, na namba yake ikatufikia sisi tukiwa bado tunabishana kuhusu jina. Sheria inawapa wazazi miezi mitatu. Kwa siku kadhaa alikuwa na tarakimu kumi bila kuwa na jina. Mama yangu alipoambiwa kwenye simu alinyamaza muda, kisha akasema mtoto aitwe leo hii, asiendelee kulala usiku akiwa hesabu. Tukampa la bibi yake.

Tulirudi Dar es Salaam baada ya miaka minane. Unapohama kwa zaidi ya mwaka unatakiwa kuwaarifu, nao wanakuandika kuwa umeondoka. Namba haifutwi na hapewi mtu mwingine. Ukirejea baada ya miaka ishirini, unarudishiwa ileile. Wengi wa wenzangu wakishaondoka huitupa pamoja na makoti ya baridi, na hilo ni kosa la fedha: pensheni inayotokana na mshahara ulioufanyia kazi Uswidi inabaki ni yako popote utakapoishi, na siku ya kuidai hawataanza kwa kuuliza jina. Ya kwangu na ya binti yangu nimeziandika kwa wino ndani ya jalada la vyeti, chini ya namba zetu za NIDA, pamoja na jina la ofisi iliyozitoa. Mume wangu anajua jalada lilipo.